Redio, taa, mtambo wa kuona ardhini au barabara ya kuzunguka: kipi kilinde njia ya ndege?

Ubishi ulianzia kwenye benchi la mama ntilie, si mbali na uwanja wa ndege wa Mwanza, juu ya sahani za ugali na sato. Kijana mmoja anayesomea mambo ya anga alikuwa anamhoji dereva wa trekta la kukatia nyasi: kwa nini mpaka leo anaomba ruhusa kwa redio kabla ya kuvuka njia ya ndege? "Si tuna rada?" Mzee hakuinua hata kichwa. "Ng'wanawane, ile rada inatazama juu. Mimi niko chini."

Mzee alikuwa sahihi. Rada ya Mwanza ni moja ya nne zilizofungwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nyingine zikiwa Dar es Salaam, Kilimanjaro na Songwe, na kazi yake ni kuziona ndege zilizo angani. Pikapu iliyosimama kwenye nyasi pembeni ya lami, taa yake ya njano ikizunguka juu ya paa, haimo kwenye hesabu zake.

Basi huku chini panalindwa na nini? Nimeendesha magari ndani ya viwanja vya kanda hii miaka kadhaa, baadaye nikawa nafundisha madereva wapya, na kwenye kila kikao cha usalama nilichokaa zimegombana hoja zilezile nne. Mmoja anataka mafunzo ya redio. Wa pili anataka taa. Wa tatu amerudi safari na anataka mtambo aliouona huko. Wa nne, mara nyingi mhandisi, anasema yote hayo ni viraka, tujenge barabara ya kuzunguka yaishe. Kama umekwama katikati ya watu hao wanne, au unasoma na mtihani unakuja, haya nimeyaandika kwa ajili yako.

Kwanza tupime tatizo lenyewe

Nikisema "njia" nina maana ya barabara ya kurukia na kutua. "Kiungio" ni barabara inayotoka maegesho ya ndege kwenda njiani. Kabla ya njia kuna mstari wa kusubiri, ambao kwenye viwanja vya ndege kubwa hukaa mita 75 au 90 kutoka katikati ya njia, kutegemea aina ya njia yenyewe.

Chukua mita 75. Kutoka mstari wa upande huu hadi wa upande ule ni mita 150. Trekta linalokwenda kilomita 20 kwa saa linamaliza umbali huo kwa sekunde 27. Ndege ya abiria inayotua kwa noti 140 (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege) inakata mita 72 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 27 imeshapita karibu kilomita 2. Dereva anapokanyaga mafuta kuanza kuvuka, ndege itakayomfikia kabla hajamaliza bado iko juu ya maji huko. Usiku, kwa sekunde mbili tatu, unaweza kuidhania taa ya mvuvi wa dagaa.

Ndiyo maana "nitaangalia kushoto na kulia nivuke", kama tunavyofanya pale Nyerere Road, haitoshi. Macho yanafika yakiwa yamechelewa.

Vigezo

Kila njia ya ulinzi nitaipima kwa mambo matano. La kwanza ni kosa inalolizuia, na makosa hayafanani: kuna kusikia vibaya, kuna kupotea ukiwa na uhakika hujapotea, kuna mwongoza ndege, yule anayetoa ruhusa kutoka mnarani, kusahau kwamba kuna gari njiani, na kuna mtu au mnyama kuingia bila habari. La pili ni nani anayetegemewa ili ulinzi ufanye kazi. La tatu ni gharama, na humo nahesabu matunzo ya mwaka wa tano, siyo sherehe ya kukata utepe peke yake. La nne ndilo ninalolipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa: ulinzi ukifeli, unafeli kwa kelele au unafeli kimya? La tano, unamfaa nani.

1. Redio, mistari na nidhamu

Kosa linalozuiwa. Watu kuingia njiani bila kuulizana. Msingi wake ni rangi na maneno. Chini, pale pa kusubiri, kuna mistari minne ya njano, miwili imenyooka na miwili imekatikakatika. Ile iliyonyooka ikiwa upande wako, simama. Pembeni kuna kibao chekundu chenye namba nyeupe, na kwa Mwanza namba hizo ni 12 na 30, yaani njia imelala kwenye nyuzi 120 na 300 za dira, kwa makadirio. Hapo unaita mnara, unataja wewe ni nani na uko wapi, unapewa jibu, unalirudia neno kwa neno. Maelekezo yoyote yanayohusu kuingia, kuvuka au kusubiri nje ya njia ni lazima yarudiwe. "Sawa mkuu" siyo kurudia.

Anayetegemewa. Masikio mawili, lako na la mnarani, na redio moja inayobeba mtu mmoja kwa wakati. Mapengo yake yalionekana wazi tarehe 27 Machi 1977 kule Tenerife, kisiwa cha Hispania. Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ndani ya ukungu. Rubani msaidizi wa KLM alisema maneno yenye maana ya "sasa tupo kwenye kuruka". Mnarani wakaelewa yupo tayari na anasubiri. Mnara ulipomwambia asubiri, Pan Am nao walikuwa wanaongea kwa sekunde hizohizo kueleza kwamba bado wako njiani, na sauti hizo mbili zikagongana zikawa mlio mkali kwenye chumba cha marubani wa KLM. Walikufa watu 583. Tangu hapo neno la kuruka limewekewa uzio: linatamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwa mazungumzo mengine yote linatumika neno la kuondoka.

Kugongana huko kwa sauti nakujua. Kwenye kiwanja kimoja, ambacho hakina haja ya kutajwa, nilikuwa nimesimama mstarini baada ya mvua, nakwenda kukagua madimbwi. Nikaita. Jibu lilikuja limekatika, ndege ndogo ya kukodi nayo ikiita kwa wakati uleule. Mimi nikasikia "vuka". Nilikuwa nimeshaachia kilachi nusu. Mwenzangu aliyekaa kushoto akanishika mkono: "Kaka, umesikia vuka, au umetaka kusikia vuka?" Nikaita tena. Nilikuwa nimeambiwa nisubiri nje. Ile ndege ndogo ilipita mbele yetu, magurudumu bado hayajagusa lami.

Kuna na suala la lugha ambalo vikao hulikwepa kwa adabu. Maelekezo mengi ya redioni ni Kiingereza cha anga, na dereva anayeyapokea anawaza kwa Kisukuma, anaongea Kiswahili na amefundishwa sentensi 20. Siku sentensi ya 21 inapokuja, anabahatisha. Sioni aibu ya dereva hapo. Naiona ya mfundishaji, mimi nikiwemo.

Gharama. Ndogo kuliko zote, ila haina mwisho. Rangi inapauka kwa jua, betri za redio zinakufa, madereva wanahama kazi. Mafunzo ya mwaka jana hayamlindi dereva aliyeajiriwa juzi.

Unavyofeli. Kimya. Hakuna kengele inayolia mtu anaposikia vibaya. Hali ni hiyohiyo pale kila upande unapoamini kwamba kikao kilishamaliza mambo. Lima, Peru, tarehe 18 Novemba 2022, magari ya zimamoto yalikuwa kwenye zoezi la kupima muda wa kufika, yakaingia njiani wakati Airbus A320 inashika kasi ya kuruka. Abiria wote walitoka hai. Wazimamoto 2 walikufa siku ileile. Zoezi la usalama, angalia.

Unamfaa nani. Kila kiwanja, bila ubaguzi. Kwa kiwanja chenye ndege chache kwa siku huenda ukawa ndio ulinzi pekee unaolipika, mradi magari na ndege wanaotumia njia wasikilizane kwenye masafa mamoja. Rubani akimsikia dereva anaomba kuvuka, kunakuwa na sikio la tatu, nalo halilipiwi.

2. Taa

Kosa linalozuiwa. Kupotea, na kusikia vibaya pia. Ziko za aina mbili zinazochanganywa mno. Kuna taa za njano zinazopepesa kwa zamu pembeni ya mstari wa kusubiri, ambazo zinasema tu "njia ipo hapa". Halafu kuna taa nyekundu zilizozikwa kwenye lami kukata kiungio chote, zinazowashwa na kuzimwa kutoka mnarani. Hizi ni amri. Kanuni yake ni ngumu na nzuri: taa nyekundu ikiwaka huvuki, hata kama sauti ya redioni imekwambia vuka. Unasimama na kuuliza. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu ruhusa inapita milango miwili, sikio na jicho, na kosa la mlango mmoja linanaswa na wa pili.

Anayetegemewa. Mwongoza ndege anayebonyeza, na fundi umeme. Dereva na rubani wanabaki na kazi ya kuamini wanachokiona.

Gharama. Za njano hazitishi, na zipo zinazotumia jua. Nyekundu ni habari nyingine: kuchimba lami, nyaya, swichi mnarani, jenereta ya akiba. Hapa ziwani ongeza matunzo yasiyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Msimu wa wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi, taa ya usiku mzima inaamka imevaa koti lao. Mtu lazima apite na kitambaa asubuhi, na mtu huyo awe kwenye bajeti.

Unavyofeli. Mara nyingi unaonekana: balbu imeungua, kila mtu anaiona. Hatari iko kwenye taa inayowaka muda wote. Linate, Milano, tarehe 8 Oktoba 2001, ukungu mzito, ndege ndogo aina ya Cessna iliambiwa ipite kiungio kimoja ikashika kingine. Ilivuka mistari, ikavuka kibao, ikavuka na taa nyekundu ambazo mwongoza ndege hakuwa na uwezo wa kuzidhibiti kutoka mnarani. Mbele yake ilikuwa ndege ya abiria, MD-87 ya shirika la SAS, inaruka. Walikufa watu 118, wakiwemo 4 waliokuwa chini kwenye jengo la mizigo. Taa nyekundu isiyozimika ni kama trafiki wa sanamu. Wiki ya kwanza inatisha, ya pili watu wanaizoea.

Unamfaa nani. Kiwanja chenye viungio vingi vinavyofanana, ukungu wa alfajiri, au marubani wageni wengi. Kiwanja chenye kiungio kimoja kinachojulikana na kila mtu kinaweza kuanza na taa za njano na kibao kizuri.

3. Mtambo wa kuona ardhini

Kosa linalozuiwa. Kusahau. Mwongoza ndege ni binadamu, ana ndege mbili angani, moja inasukumwa kutoka maegesho, simu inaita, na dakika nne zilizopita aliruhusu gari liingie njiani kuokota tairi lililochanika. Mtambo huu unamwekea ramani ya kiwanja yenye kila ndege na kila gari, na mwingine unapiga kelele pale vitu viwili vinapoelekea kukutana. Unatumia rada ya ardhini, au vipokezi vingi vinavyopima mahali ilipo transponda, yaani kifaa cha kwenye ndege au gari kinachojitambulisha kwa mawimbi ya redio, au vyote pamoja.

Mfano unaotajwa sana ni wa New York, uwanja wa JFK, tarehe 13 Januari 2023. Boeing 777 ya American Airlines ilikosea kiungio ikavuka njia ambayo Boeing 737 ya Delta ilikuwa inaanza kukimbia. Kengele ililia mnarani, mwongoza ndege akafuta ruhusa, 737 ikafunga breki ikasimama ikiwa bado na mita mia kadhaa mbele. Hakuumia mtu. Redio ilishashindwa hapo. Kilichookoa ni mtambo pamoja na mtu aliyeitikia mara moja.

Anayetegemewa. Hapa watu wanajidanganya. Wanadhani wananunua mashine inayojitegemea, kumbe mashine hiyo inahitaji kila gari liwe na transponda inayowaka. Trekta lisilo na transponda halipo duniani, isipokuwa kama rada ya ardhini nayo ipo. Na rada hiyo, mvua zetu za ziwani zikimwagika, inaonyesha vivuli visivyo na mwenyewe.

Gharama. Kubwa kuliko taa, pamoja na mikataba ya matengenezo, mafundi wenye ujuzi maalumu na vipuri vinavyoagizwa nje. Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake, iliusimika mtambo wake mkubwa wa aina hii kwenye viwanja 35 tu, na miaka ya karibuni imeanza kuweka mifumo rahisi zaidi, isiyo na rada, kwenye viwanja vingine. Hiyo ndiyo habari ya kufuatilia kwa viwanja vyetu: vifaa vya bei ya wastani kwenye magari na skrini moja mnarani, hata kama haina kengele.

Unavyofeli. Kwa namna mbili zinazopingana. Ukizimika, kila mtu anajua. Ukipiga kelele za uongo mara 10 kwa siku, unafeli kimya, kwa sababu ya 11, ya kweli, inapokelewa kama zile 10.

Unamfaa nani. Kiwanja chenye njia zaidi ya moja, au ambacho mnara hauoni ncha zote, au ambacho magari mengi huingia njiani kila siku.

4. Barabara ya kuzunguka

Watu wa Mwanza wanaielewa hoja hii kuliko wengi, kwa sababu ya Kigongo na Busisi. Miaka yote tulijadili vivuko: ratiba, kupanga foleni, injini za akiba. Kisha mwaka 2025 daraja likafunguliwa, na swali la "kivuko kipi kitangulie" likafutika lenyewe. Mhandisi wa kikao chako anasema hivyohivyo. Badala ya kulinda mvuko, uondoe.

Kosa linalozuiwa. Yote, kwa mivuko iliyoondolewa. Uwanja wa Atlanta, Marekani, wenye njia tano zinazolala sambamba, walifungua mwaka 2007 kiungio kinachozunguka ncha ya njia badala ya kuikata. Kimechimbwa chini karibu mita 10 kuliko njia yenyewe, ili mikia ya ndege zinazopita isiingie kwenye anga la zinazoruka. Dallas/Fort Worth wakafuata mwaka 2008.

Anayetegemewa. Karibu hakuna mtu, na huo ndio uzuri wake.

Gharama. Ya mara moja, nzito, na inahitaji ardhi. Kwa Mwanza ardhi maana yake ni mawe makubwa kama nyumba upande huu, ziwa upande ule, na makazi ya watu katikati. Lakini usiikimbie hoja kabla ya kuangalia matoleo yake ya bei nafuu, mawili. La kwanza ni kiungio kinacholala sambamba na njia nzima. Bila hicho, ndege iliyotua inageuka na kurudi juu ya njia ileile hadi kwenye mdomo wa kutokea, na muda wote huo njia imefungwa. Tenerife zile ndege mbili zilikuwa kwenye njia moja kwa sababu hiyo: maegesho na kiungio vilikuwa vimejaa ndege zilizoelekezwa huko, ikabidi zipite njiani.

Toleo la pili ni la kawaida kabisa, nami nalipenda: barabara ya changarawe ndani ya uzio, inayozunguka kiwanja kizima. Mkata nyasi, fundi wa taa, mfukuza ndege wa porini na gari la maji hawana tena sababu ya kuvuka lami kila wanapohamia upande wa pili. Na kwa kuwa barabara inafuata uzio, dereva anauona uzio kila siku: tundu walilokata vijana wanaokimbilia njia ya mkato, mbwa aliyechimba, ng'ombe anayechungulia. Ulinzi dhidi ya wasio na redio umepatikana humohumo.

Unavyofeli. Taratibu, kwa tope. Masika moja bila greda na madereva wanarudi kuomba kuvuka. Kwa ndege, ubaya wake ni mwendo mrefu zaidi na mafuta yanayochomwa chini. Rubani anayechelewa ataomba mvuko wa zamani ukiwa bado upo.

Unamfaa nani. Ukipanga kiwanja kipya au upanuzi, hapa ndipo pa kuanzia, maana kuchora mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuhamisha lami.

Usiku uliozipima tatu kwa pamoja

Mwisho wa kila ubishi mtu huuliza: "Kama vyote vipo, si tumemaliza?" Huwa namsimulia Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024.

Ndege ndogo aina ya Dash 8 ya walinzi wa pwani, iliyokuwa inapeleka msaada kwa walioathiriwa na tetemeko la siku ya mwaka mpya, iliambiwa iende hadi mahali pa kusubiri, na kwamba ni namba moja kwenye foleni ya kuondoka. Maelekezo yakarudiwa sawasawa. Rubani hata hivyo alielewa kwamba amepewa njia, akaingia akasimama juu yake. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua hapohapo. Watu 379 wa A350 walitoka wote kabla ndege haijateketea. Kati ya 6 wa ile ndogo alipona rubani peke yake.

Sasa zitazame zile tatu. Redio: imetamkwa vizuri, imerudiwa vizuri, imeeleweka vibaya. Taa nyekundu: zilikuwa kwenye matengenezo usiku huo, na hata zikiwa nzima zilipangiwa hali ya hewa mbaya, ilhali anga lilikuwa safi. Skrini ya mnara: ilionyesha kwamba njia ina kitu, ila hakuna aliyeiona kwa wakati. Baadaye Wajapani walisimamisha kwa muda matumizi ya "namba moja" kwenye maelekezo hayo.

Mimi hapo najifunza kuuliza swali moja tu kabla ya kununua kitu: kifaa hiki kipya kinaegemea sikio lilelile au jicho lilelile ambalo tayari limechoka? Kama kinaegemea hapohapo, umenunua cha pili cha kitu ulichonacho.

Wewe uko wapi?

Kama unasimamia kiwanja kidogo kando ya ziwa, ndege zinahesabika kwa vidole na mnara haufanyi kazi muda wote: weka fedha kwenye rangi, redio mbili kwa kila gari linaloingia njiani, uzio, na barabara ya changarawe. Dereva asiingie peke yake. Yule wa kushoto aliyenishika mkono hakuwa na kifaa chochote.

Kama kiwanja chako kinakua, ndege za usiku zinaongezeka na marubani wengi ni wageni: andika kwanza mivuko yote ya mwezi mmoja, nani alivuka, wapi, kwa nini. Ukikuta nusu yake ni magari ya matunzo, jibu lako ni changarawe kabla ya taa. Ukikuta ni ndege zinazokosea mdomo wa kiungio, taa na vibao vinakuhusu.

Kama mnara wako hauoni ncha moja ya njia, kwa sababu ya kilima, jengo jipya au ukungu, hiyo ndiyo hali ambayo mtambo wa kuona ardhini unalipa deni lake, hata ule wa bei ya wastani. Ila magari yote yapate transponda siku moja. Yakipata nusu, skrini itakuwa inasema uongo kwa kujiamini.

Kama upanuzi bado uko kwenye michoro, pigania kiungio kamili na barabara ya kuzunguka sasa hivi, hata kama lami yake itamwagwa miaka 10 ijayo. Ardhi iliyotengwa haihitaji betri.

Kama ni mwanafunzi, yule kijana wa sato, usikariri majina ya mitambo. Mtahini mzuri atakupa ajali na kuuliza ni kosa la aina gani.

Na kama ni abiria tu umekaa dirishani, ndege imesimama ghafla kwenye kiungio, jirani yako anaguna na kutazama saa: angalia chini mbele ya bawa. Ukibahatika utaiona mistari minne ya njano, na mbali kule, juu ya maji, taa moja inayokua.